Jiwe la Mama linasema na nani?

Fundi alifungua daftari lake, akalamba kidole, akapekua mpaka ukurasa aliokuwa anautafuta. "Haya ndiyo watu wengi wanachukua," akasema, akaligeuza daftari linielekee. Mistari imeandikwa kwa kalamu ya bluu, kila mmoja na namba yake. Moja, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mbili, Nimevipiga vita vilivyo vizuri. Tatu, Pumzika kwa amani. Nne, Heri wafu wafao katika Bwana. Nyuma yake mashine ya kukatia granaiti inaunguruma, vumbi jeupe limekaa hadi kwenye nyusi za kijana anayeiendesha.

"Sasa mama yako tumwekee namba ngapi?"

Nikamwambia nitarudi.

Hakusema vibaya. Desemba haiko mbali, na nyie wa Moshi mnajua Desemba ilivyo: watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, na kila familia inataka kaburi liwe limejengewa ukoo ukiwa nyumbani. Fundi ana kazi nyingi, na maandishi yanahesabiwa kwa herufi. Lakini lile swali limekaa nami wiki baada ya wiki. Naamka nalo, naendesha nalo kutoka Arusha hadi Boma Ng'ombe. Maneno ambayo nimeyasoma tangu utotoni kwenye makaburi ya vihamba vyote ninavyovijua, yale mashamba ya ukoo yenye migomba ambamo Wachaga huishi na kuzikana, yanamaanisha nini hasa? Na yanasemwa na nani, kumwambia nani?

Kibosho na Machame

Mama alizaliwa Kibosho, akaolewa Machame. Kwa msomaji wa mlimani Kilimanjaro sina haja ya kuongeza neno. Kwa wengine: misheni ya Kikatoliki Kibosho na misheni ya Kilutheri Machame zote zilianza mwaka 1893, pande mbili za mabonde yaleyale, miaka michache tu baada ya vita vya Mangi (mtawala) Sina wa Kibosho na majirani zake wa Machame. Ukivuka mto unakuta lahaja nyingine na kanisa lingine.

Mama alivuka. Aliimba kwaya ya akina mama usharikani, alichangia mavuno, alifundisha watoto wa Jumapili. Na kwenye sanduku la bati, chini ya kanga alizokuwa hazivai, ilikuwepo rozari. Punje moja ilipotea zamani, na mahali pake alifunga shanga ya kijani kwa uzi wa kushonea. Dada yangu ndiye aliyeiona tulipokuwa tunagawa nguo. Hakuna aliyesema kitu. Ilirudishwa sandukuni.

Kwa hiyo tulipokaa kuzungumzia jiwe, walikuja watu wawili wenye haki sawa ya kusema.

Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Yeye alitaka Paulo: Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda. Mjomba, kaka yake Mama, alitaka ile sala ambayo Mkatoliki yeyote anaweza kuisema usingizini: Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

"Shemeji yangu amekufa ndani ya Kristo," baba mdogo akasema, kwa upole kabisa. "Sasa unamwombea apewe nini ambacho hajapewa?"

Mjomba hakukasirika. "Nilimwombea akiwa hai kwa sababu ni dada yangu. Bado ni dada yangu."

Baba alikuwa ameketi pembeni, fimbo yake katikati ya magoti. Hakusema lolote.

Mimi ni nani?

Nilianza na Paulo, kwa sababu ndiye aliyenisumbua zaidi. Maneno yale ni mazuri mno, na kila nikiyaona kwenye msalaba huwa nasimama. Lakini yasome tena. Yako katika nafsi ya kwanza. Anayesema ni Paulo mwenyewe, mfungwa anayejua hatoki, akimwandikia kijana wake Timotheo. Mstari mmoja kabla anasema wakati wa kufariki kwake umefika. Ana haki ya kusema hivyo kuhusu mwendo wake.

Mama je?

Mama alikuwa mtu ambaye ukimsifu kwa chakula anakwambia chumvi imezidi. Angeweza kulea watoto wa ndugu kwa miaka na usimsikie akitaja. Nikajaribu kumsikia akisema kwa sauti yake, imani nimeilinda. Nikashindwa. Na kubwa zaidi, kuna ile rozari. Ni imani ipi tutakayomwandikia kwamba aliilinda? Baba mdogo ana jibu lake, Mjomba ana lake, na Mama aliondoka na lake bila kumwambia mtu.

Basi nikajiambia nafsi ya kwanza haifai juu ya kaburi. Kumtia maneno mdomoni mtu asiyeweza kukanusha niliona ni jambo zito.

Nilikaa na wazo hilo kwa muda, na nilikuwa na uhakika nalo.

Namba moja ya fundi

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hili tunalisema msibani hata kabla mwili haujafika. Mchungaji anaanza, watu wanamalizia, jina lake lihimidiwe, na mara nyingi huo ndio wakati ambapo kilio kinashuka kidogo.

Ayubu alilisema siku ileile aliyopoteza watoto wake 10, wavulana 7 na wasichana 3, nyumba imewaangukia wakiwa mezani. Ni sura ya kwanza ya kitabu. Sura ya pili rafiki zake wanakuja na kuketi naye chini siku 7 bila kusema neno, matanga kamili kama ya kwetu. Na sura ya tatu huyohuyo Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa.

Sijawahi kuona sura ya tatu kwenye jiwe. Naelewa kwa nini. Lakini nadhani inatupasa kujua kwamba mstari wa kwanza ulisemwa na mtu ambaye alikuwa bado hajaanza kulia. Ni neno la saa ya kwanza, la mtu anayejishikilia asianguke. Msibani ndipo mahali pake, na pale lina nguvu sana. Kwenye jiwe litakalokaa kihambani wakati sisi tumeshapita sura ya tatu na nyingine nyingi, sikulitaka.

Huo ni uamuzi wangu tu. Kwenye jiwe la baba yangu mkubwa neno hilo lipo, na mke wake hupitisha kiganja juu ya herufi zake kila Jumapili akitoka ibadani. Mimi siwezi kumwambia mtu kama yule kwamba herufi zile hazifai.

Nani anasoma

Kuna jambo sikuwa nimelifikiria mpaka nilipotembea makaburi ya mjini. Pale, maandishi yanamsubiri mgeni. Wewe uliyekuja kumzika jirani unasoma jina la usiyemjua, unahesabu miaka, unasema jamani, alikuwa mdogo. Jiwe linatoa habari.

Kihambani hakuna mgeni. Mama amelala kati ya migomba na njia ya kwenda kwenye banda la ng'ombe. Anayepita pale ni Baba na mzigo wa majani, ni watoto wakifukuza kuku, ni shangazi akija kuazima jembe. Wote wanamjua. Na kabla ya misalaba na saruji, wazee wetu hawakuandika chochote. Masale, ule mmea mtakatifu wa Wachaga, yalipandwa, na masale yalitosha. Waliokuja pale walikuja kusema na waliolala, kuwapa habari za nyumbani na kuomba radhi.

Kwa hiyo maneno ya kihambani yanaelekea wapi? Nikayapanga upya yale ya daftarini kwa kuuliza swali hilo tu. Pumzika kwa amani yanasemwa kwa marehemu mwenyewe, uso kwa uso. Heri wafu wafao katika Bwana yanasemwa kwetu sisi tunaopita. Raha ya milele umpe yanasemwa kwa Mungu, na sisi na marehemu tunasikia tu. Ugomvi wa Baba mdogo na Mjomba nikauona sura nyingine. Walikuwa wanabishana nani aambiwe.

Wenzetu Waislamu mjini Moshi wana njia iliyo tofauti kabisa. Mtume alifundisha kuwasalimu watu wa makaburini unapoingia, na zipo Hadithi zinazokataza kuandika juu ya kaburi. Wanazuoni wengi wanaruhusu jina tu, ili kaburi lijulikane. Salamu inatoka mdomoni mwa aliye hai, kila anapokuja, na ikikosekana mtu wa kuja hakuna jiwe la kuisema badala yake. Nimeliwazia sana hilo. Lina ukali wake, na ukweli wake.

Je, Mlutheri anaweza kuomba?

Sitaki kumfanya baba mdogo aonekane mtu mgumu. Hoja yake ni ya karne tano. Kama wokovu ni neema tupu, basi hakuna misa wala mchango wa walio hai unaoongeza kitu, na ile biashara ya kulipia roho zilizo toharani, mahali pa kutakaswa kabla ya mbinguni, ndiyo iliyomfanya Luther aandike hoja zake mwaka 1517. Wakatoliki wanategemea kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Mmakabayo anakusanya fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya waliokufa vitani. Biblia ambayo baba mdogo anaishika haina kitabu hicho. Watu wawili wanabishana, kila mmoja na Maandiko yake mkononi, na unene haulingani.

Lakini kuombea wafu kwa kuandika juu ya jiwe ni mambo ya kale kuliko mgawanyiko huo. Wakristo wa kwanza wa Roma waliandika maneno ya amani katika makaburi yao ya chini ya ardhi. Wayahudi mpaka leo wanamalizia jiwe kwa herufi tano za Kiebrania, ambazo zinasimama badala ya ombi lililotolewa kwenye maneno ya Abigaili kwa Daudi: nafsi yake ifungwe katika furushi ya uhai. Hiyo ni Samweli wa kwanza, sura ya 25. Hiyo baba mdogo anayo. Nilimsomea kwa simu, akanyamaza, kisha akaniambia nimrudie mstari taratibu.

Halafu nikaenda kwa Luther mwenyewe.

Mwaka 1528, katika maungamo yake ya imani, Luther aliandika kwamba kwa vile Maandiko hayajaagiza lolote kuhusu wafu, haoni dhambi mtu kuomba kwa moyo huru: Mungu mpendwa, kama roho hii iko mahali pa kusaidiwa, uirehemu. Ukishaomba hivyo mara moja au mbili, akasema, inatosha. Alichokipinga ni misa za kurudiwarudiwa kwa malipo.

Mara moja au mbili. Jiwe huandikwa mara moja.

Mwaka 1542 aliandika dibaji ya kitabu cha nyimbo za maziko, na humo anashauri kwamba makaburini yaandikwe maneno mazuri ya Maandiko, ili wanaokuja wayaone na kufarijika. Baba mdogo angefurahi hapo. Ila mwaka huohuo, Septemba, binti yake Luther, Magdalena, alifariki akiwa na miaka 13. Baba mtu akamtungia maandishi ya kaburi kwa Kilatini. Na hayo yako katika nafsi ya kwanza. Mtoto ndiye anayesema: ninalala hapa pamoja na watakatifu, mimi Magdalena binti Luther. Nilikuwa mtoto wa mauti, anasema, lakini naishi, nimekombolewa kwa damu yako, Kristo.

Hapo uhakika wangu uliyumba. Nilikuwa nimesema maiti hasemeshwi. Kumbe inategemea anasema nini. Magdalena hajisifu. Hasemi ameshinda wala amelinda. Anataja jina lake, anamtaja baba yake, na kilichobaki anamrudishia Kristo. Mzazi aliyevunjika moyo alimpa mwanawe nafasi ya kujitambulisha kwa mara ya mwisho. Nafsi ya kwanza ya namna hiyo Mama angeikubali.

Jina

Na mtu anajitambulisha kwa jina. Wakati sisi tunabishana mistari, kaka yangu alikuwa ameshaandika sehemu ya juu: Mama yetu mpendwa, halafu jina lake la ubatizo, halafu jina la ukoo wetu. Karatasi ikazunguka. Ilipofika kwa Mjomba alivaa miwani, akasoma, akaishusha.

"Dada yangu hakuwa na baba?"

Nyumba nzima ikatulia.

Nimepita vihamba vingi tangu siku hiyo nikiangalia. Mama Fulani, mke wa Fulani, bibi wa watoto fulani. Wanawake wetu wanalala chini ya majina ya watu wengine, na watu hao ni sisi. Jina alilopewa alipozaliwa, jina la baba yake, kihamba alichotoka, vyote vinaishia kwenye kumbukumbu za kaka zake.

Mimi nilishajua uzito wa jina kutokana na historia ya mji wenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na mjini yapo makaburi ya vita yanayotunzwa mpaka leo na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Kila askari wa Kizungu alitakiwa apate jina lake, na familia yake ikaruhusiwa kuongeza maneno yao yasiyozidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa, kwa peni tatu na nusu kila herufi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka fundi wangu na daftari lake. Lakini wapagazi Waafrika waliobeba vita ile mabegani, wakafa kwa njaa na kuhara porini kwa maelfu na maelfu, wengi hawakupewa jiwe wala kuandikwa jina popote. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri na kuomba radhi. Kule Dar es Salaam sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inawataja wapagazi kwa heshima, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Maneno ni mazuri. Jina hakuna hata moja.

Ndiyo maana nikaona mstari wa Biblia unaweza kusubiri. Jina la baba yake Mama halikusubiri. Nilimwambia kaka, naye alikubali bila neno, akaandika upya palepale.

Mwaka

Likabaki la mwaka. Kaka alitaka kuweka ule wa kwenye kitambulisho, lakini wote tunajua ulipatikanaje: karani aliuliza, Mama akakadiria. Mjomba akaenda parokiani Kibosho. Daftari la ubatizo lina jina lake, la babu, la bibi, la msimamizi, na tarehe ya kubatizwa. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa pana kistari.

"Tuandike kuzaliwa hatujui?" dada akauliza.

Hapo ndipo Baba aliposema, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Alisema kwamba walipokwenda kuandikisha ndoa, mchungaji aliuliza kama huyu binti amebatizwa. Baba akajibu ndiyo, Kibosho. Mchungaji akaandika Kibosho, akaendelea na swali linalofuata. "Hakumbatiza tena," Baba akasema. "Alisema ubatizo ni mmoja."

Baba mdogo alikuwa anajua hilo, maana ni mafundisho ya kanisa lake, na Mjomba alilijua pia. Lakini hakuna aliyekuwa amelisema mezani. Wakatazamana.

Kwa hiyo jiwe litakalosimama katika kihamba cha Machame litaanza na jina lake, kisha binti wa babu yetu wa Kibosho, kisha mke wa Baba. Mwaka wa kuzaliwa haupo. Mahali pake pameandikwa Alibatizwa Kibosho, na tarehe kama ilivyo daftarini. Chini yake umekaa mstari wa Ufunuo alioukubali baba mdogo alipomwacha Paulo, Heri wafu wafao katika Bwana, kwa sababu unasomwa kwenye maziko ya pande zote mbili. Mwishoni kabisa ni maneno matatu ya Mjomba, Umwangazie, ee Bwana. Baba mdogo aliyasoma mara mbili, akauliza kama herufi zitatosha kwenye jiwe. Mjomba akamwambia zitatosha, ameshazihesabu.